Mwalimu Aliyefuta Mawingu Yake

Hii imenifikia nikiwa hoi, nikasema na wewe uipate. Ni fupi, haitakuchosha zaidi ya ulivyochoka.

Palikuwa na mwalimu wa elimu ya nyota, Bi Asumini, ambaye swali moja lilimla ujana wake. Katikati ya baadhi ya makundi makubwa ya nyota mna shimo jeusi linalomeza gesi. Isiyomezwa hupulizwa nje, ikawa upepo wenye joto lisilosemeka. Ajabu ni kwamba ndani ya joto hilo darubini huona mawingu ya gesi baridi. Yanatoka wapi?

Bi Asumini aliuunda upepo huo kwa hesabu kwenye kompyuta kubwa ya chuo. Kila asubuhi, kabla ya kuuachia uvume, aliusawazisha. Kila palipokuwa na kinundu cha gesi alikifuta, kwa kuwa mkuu wake, Profesa Kihwele, alimfundisha kwamba hesabu safi huanza na upepo safi. Miaka ikapita. Wingu halikutokea hata la dawa.

"Bi Asumini, Jumamosi kompyuta wanapewa watu wa utabiri wa mvua," Profesa alimwambia. "Umefanya uliloweza. Pumzika sasa."

"Nimechoka kweli, Profesa. Lakini mawingu yako huko juu. Kwangu tu ndiyo hayaji."

Ijumaa alifika macho yamemvimba, na mkono ukakataa kusawazisha. Akauachia upepo ulivyo, na vinundu vyake, akalaza kichwa mezani.

Alipoamka, wingu lilikuwa pale kwenye kioo. Akamwita Profesa.

"Umeongeza nini?"

"Sikuongeza kitu. Tazama kinundu hiki. Gesi yake ilikuwa nzito kidogo, ikapoa upesi kuliko jirani zake. Ilipopoa, gesi ya moto iliyoizunguka ikaibana. Ikazidi uzito, ikazidi kupoa, mpaka ikawa wingu."

"Na siku zote hivi vinundu vilikuwa wapi?"

"Nilikuwa navifuta, Profesa. Kama ulivyonifundisha."

Profesa akavuta kiti, akakaa. Alikuwa karibu kustaafu.

"Basi tumechoshana bure," akasema.

Jumamosi kompyuta ilichukuliwa kama ilivyopangwa. Bi Asumini hakugombana na mtu. Alikuwa nyumbani, amelala mpaka adhuhuri.

Funzo: Usiwe mwepesi wa kufuta kila kasoro, iwe ya kazi yako au ya mwanao, huenda unakiondoa asubuhi kile kile unachokililia jioni.