Mguu wa Luteni Ngazini

Haya, sogeeni, na mwenye kusinzia akasinzie kwao.

Kulikuwa na gari dogo la deraya ambalo askari waliliita Kobe. Kazi yake kumchungulia adui na kurudi salama na habari. Dereva, mwanadada Koplo Koku, alilipitisha mahali ambapo mbuzi angesita. Masunga, mlinzi wa juu, alikuwa na macho makali ajabu. Mcha wa redio aliweza kufufua redio yoyote. Wa nne, mkuu wao, alikuwa Luteni Pazi. Kipaji cha huyo ni kung'arisha buti, nami sitamsifia zaidi.

Siku moja walitumwa mtoni kuwapeleleza waasi. Masunga akaona majani yaliyonyauka katikati ya kichaka kibichi.

"Simama, Koku. Pale wameficha mzinga."

Asingeyaona, leo tungekuwa tunahadithia majivu.

Koku akazima injini, akaliachia gari literemke kinyumenyume hadi korongoni, kwa breki na usukani tu. Asingeweza, wangesikika.

Korongoni redio ikafa. Mcha akang'oa nyaya za taa, akaiunganisha upya, akaita kambini. Kikosi kilichokuwa njiani kuja mtoni kikageuzwa. Asingeita, wenzao wangeuendea mzinga ule kwa miguu yao.

Na Luteni? Alijikunja sakafuni, kofia usoni. Eti anafikiri.

Waliporudi, Kanali akawaambia, "Ndege ya mizigo inaondoka sasa hivi. Ina kiti kimoja cha likizo. Nyinyi watatu pataneni aende nani. Mkishindwa, ataenda afisa wenu."

Basi wakaanza. Aibu tupu.

"Ningekuwa kipofu mngekuwa hai?" akauliza Masunga. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza.

"Wewe uliokoa gari. Mimi nimeokoa kikosi," akasema Mcha. Harusi yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili, na wakwe wameshachoka.

"Na kama tungesikika, redio yako ungeiunganisha kaburini?" akajibu Koku. Kisha akaongeza, "Jamani, baba yangu anakata roho. Kila siku anauliza kama nimefika."

"Pole sana, dada," akasema Masunga. Lakini hakukiachia kiti. Mcha naye vilevile.

Koku aliwachukia. Watu aliokula nao sahani moja! Akajichukia na yeye, maana alijua hakuna aliyesema uongo.

Rubani akawasha injini. Luteni Pazi akatundika begi begani, akapangusa vumbi kwenye buti, akakanyaga ngazi.

"Endeleeni kubishana, vijana," akasema. "Nitawasalimia nyumbani."

Koku akaona kwamba akimwachia mwenzake, mpumbavu huyu atashuka, na baba atakufa akimwita. Asipomwachia, baba atakufa vilevile, na buti hizo ndizo zitakazopanda.

Msiniambie wagawane, kiti hakikatwi kwa panga. Nani kati ya watatu alistahili, na nani alipaswa kunyamaza? Amueni upesi, mguu wa pili wa Luteni umeshanyanyuka.