Kidonge cha Bi Kibibi

"Azima kinu, usiazime kidonge." Mmeisikia leo, wajukuu zangu, mkacheka. Methali hii ilianza hivi, katikati ya ubishi wa majirani, kule Muheza.

"Jini hilo! Leteni ubani!" alipiga kelele Mzee Shekue.

"Jini gani asubuhi yote hii? Mimba hiyo," Mama Sikudhani akamkatiza. "Mie nilishaona anavyotema mate."

"Wewe huona mimba hata kwa jogoo!"

Mwajabu, muuza vitumbua, alikuwa chini uani, amezimia, na majirani wawili wakimvutavuta mikono wamkalishe. Bi Kibibi, mwenye nyumba, alisimama kando kimya. Hilo peke yake lilikuwa ajabu, maana uani pale umbea haukuanza bila yeye. Kwake watu waliazima kinu, mbuzi ya nazi, hata khanga ya kwendea arusini. Na alfajiri ile, Mwajabu alipolalamika kichwa, Bi Kibibi alimpa vidonge vyake viwili vya presha. "Meza, mwanangu. Mimi vinanifaa."

Nakijwa, muuguzi wa nyumba ya pili, akaingia mbio na kipimo chake cha presha. "Mwacheni alale! Inueni miguu yake, na nyie wengine sogeeni apate hewa." Akampima presha, uso ukambadilika. "Iko chini mno. Kuzimia kuna sababu nyingi: njaa, joto, kukosa maji, upungufu wa damu, hata moyo wenyewe. Nani anajua alichokula au alichomeza leo?"

Majirani wakatikisa vichwa.

Bi Kibibi aliujua ulimi wa mtaa ule. Nusu yake aliifundisha mwenyewe. Angesema, kabla ya adhuhuri angekuwa keshaitwa mchawi. Akatazama midomo ya Mwajabu, imepauka kama majivu.

"Nimempa dawa yangu ya presha," akasema. "Vidonge viwili."

"Yallah!" Mama Sikudhani akashika mdomo.

"Ahsante, mama," Nakijwa akajibu. "Sasa tunajua pa kuanzia."

Bajaji ikampeleka hospitali. Huko ikajulikana kwamba Mwajabu alikuwa motoni akipika vitumbua tangu usiku wa manane bila tone la maji. Presha yake ilikuwa chini tayari, vidonge vikaizamisha kabisa. Akatundikiwa maji, akalala huko chini ya uangalizi, kesho yake mchana akarudi kwa miguu yake.

Bi Kibibi alikuwa kajifungia chumbani. Mwajabu akagonga mlango.

"Bi Kibibi, wanaojificha ni wezi. Daktari kasema ungenyamaza, wangehangaika na malaria huku mimi naondoka."

"Nisamehe, mwanangu. Nilikupa kwa mapenzi."

"Najua. Na kwa mapenzi hayo hayo ukasema kweli mbele za watu. Nakushukuru, mama yangu, uhai wangu umeurudisha. Ila kuanzia leo, hapa uani: azima kinu, usiazime kidonge." Mwajabu akamshika mkono, akamvuta nje. "Haya, wali umeshapakuliwa na wote wanakungoja wewe. Karibu, tule."