Ndovu Aliyekataa Kuvuka Mto

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Kiti cha mfalme?"

"Kinachoma!"

Basi sogeeni. Hapo zamani za kale, kusini kabisa mwa Bara Hindi, alitawala mfalme kijana aitwaye Ilamaran. Baba yake aliuawa vitani, naye akarithi kiti cha enzi na moyo usiotua. Alikula amesimama. Alilala na makubadhi miguuni.

Mama yake akamwambia, "Tulia, mwanangu."

"Nitatulia nikishaiteka milima ya mashariki, mama."

Akampanda ndovu wake, Karimugil, akaiteka. Asitulie.

"Tulia, mwanangu."

"Nitatulia nikishauteka mji wa wafuma hariri."

Akauteka, ukawa majivu na kilio. Asitulie ng'o.

"Tulia, mwanangu!"

"Nitatulia nikishavuka mto."

Mama akashika kichwa. "Ng'ambo ya mto ndiko alikoolewa dada yako Nangai!"

Lakini mfalme alikwisha toka.

Jeshi likaingia mtoni. Katikati ya maji, ndovu akasimama kidete.

"Twende!"

"Siendi," akasema Karimugil. "Nasikia harufu ya yule aliyenilisha miwa nilipokuwa mdogo."

Mfalme akamchoma kwa fimbo ya chuma. Damu ikamchuruzika sikioni.

"Siendi."

Akamchoma tena.

"Siendi, bwana wangu. Hata ukiniua."

Mara Nangai huyo, anakuja akiyakata maji yaliyomfika kifuani.

"Kaka, wataka nini kwangu?"

"Mji wako."

"Chukua. Ukishauchukua, utakwenda wapi?"

Ilamaran akainua macho. Nyuma ya mji aliona vilima vingine, na moyo wake ulikwisha anza kuvidai. Hofu ikamwingia, hofu ambayo mishale haikuwahi kumtia. Akateremka majini, akamkabidhi dada yake upanga.

"Nishike, Nangai. Mimi siwezi kujishika mwenyewe."

Nangai akamshika mkono, akamwongoza hadi ukingoni. Jeshi likarudi nyumbani. Milima ikarudishwa kwa wenyewe, na mji wa hariri ukajengwa upya.

Je, alipona? Hapana, wanangu. Kila kiangazi, ngoma zikilia, damu ilimchemka, akazunguka uani mpaka nyasi zikafa. Siku hizo mama yake hakumwambia neno. Alituma mjumbe tu, na Nangai akavuka mto, akaja kutembea naye.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye usingizi akalale. Asiye nao abaki, tuchochee moto.