Kitanda cha Sita kwa Sita

Mbao za mninga zilikuwa za milango miwili ya wodi ya wazazi, lakini Bwana Mponzi, ofisa majengo wa wilaya, alizitolea macho. Akamwita Mwajabu, mwanagenzi wa useremala aliyekuwa akingoja saini yake ili apate cheti.

"Binti, nitengenezee kitanda, sita kwa sita, chenye ubao mpana kichwani na miguuni. Skrubu sitaki, zinalia usiku."

"Nikiunge hapa au nyumbani kwako, mzee?"

"Hapahapa karakanani. Nikione ndipo nisaini."

Kilipokamilika, alikizunguka akitabasamu.

"Na hili tundu la ubavuni mwa ubao wa kichwani?"

"La waya wa taa, mzee."

Akasaini cheti, akaita wabebaji. Walikipindua, wakakilaza ubavu, wakakisimamisha. Mlangoni hakikupita.

"Kifungue!"

"Skrubu ulizikataa, mzee. Nifungue nini?"

"Basi tuvunje ukuta!"

"Ukuta ni wa serikali. Tutaomba kibali kwa mkuu wa wilaya, tumweleze kilichokwama."

Bwana Mponzi alifuta jasho. "Nani kasema kitanda? Fanya milango ya wodi!"

"Itachukua muda, mzee."

"Chukua hata mwezi!"

Gari lake lilipotoka getini, Mwajabu aligonga vigingi vinne vya mti alivyokuwa amevificha kwa unga wa mbao. Kitanda kikaachia. Ubao wa kichwani ulikuwa mlango mzima, na wa miguuni vilevile.

"Leteni bawaba," aliwaambia wabebaji, akichomeka kitasa kwenye tundu la taa.