Fundi Dhunnun na Jiko la Bibi Khatun

Wamepokea wasimulizi, mwana kwa baba, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Amadiya, uliojengwa juu ya jabali kaskazini ya Mosul, aliishi mcha Mungu mmoja aitwaye Dhunnun bin Yunus. Wako wanaomtaja kwa jina la Yunus bin Dhunnun, nao wamekosea. Yunus ni baba yake, naye alikuwa mkulima wa zabibu. Dhunnun mwenyewe alikuwa fundi wa kuziba vyombo: sufuria zilizotoboka, birika zilizovunjika mikono, masinia yaliyopasuka. Kazi hiyo ilimpa chakula, lakini haikumpa akiba.

Mwaka mmoja theluji ilianguka mapema. Mkewe, Shirin bint Idris, alijifungua mtoto wa kike kabla miezi haijatimia. Mkunga alimfunga mtoto katika sufu, kisha akamwambia baba yake:

"Dhunnun, mtoto huyu hana maradhi. Ana baridi. Nyumba ikipata joto lisilo na moshi, ataishi, inshallah. Moto wenu huu wa mafiga unamkohoza kabla haujamfikia."

Asubuhi yake Dhunnun alikwenda soko la vitu vikuukuu kutafuta jiko la chuma la kuni, lile lenye mlango, na dohani ya kutolea moshi nje. Jiko jipya hakuliweza. Alifuatana na jirani yake, Hamdun mchukuzi, mwenye punda mmoja na maneno mengi.

Desturi ya soko hilo ilikuwa hivi. Muuzaji husimama kando ya kitu chake, akataja kwa sauti kila aibu iliyomo, mbele ya mashahidi wawili. Mnunuzi akisema, "Nimeiridhia aibu yake," biashara imekwisha, wala hapana kurudishiana. Watu wa Amadiya waliishika desturi hiyo kwa hofu ya Mungu, wakijua kwamba mwenye kuficha aibu ya bidhaa yake atasimama nayo Siku ya Kiyama.

Siku hiyo alisimama mjane mmoja mzee, Bibi Khatun bint Zakariya, mkazi wa mtaa wa lango la mashariki, ambako Dhunnun hakuzoea kwenda. Mbele yake palikuwa na jiko la chuma lenye tumbo la duara na miguu minne.

"Enyi Waislamu," alisema, "jiko hili limekufa. Aliyekuwa akilitunza ni marehemu mume wangu, na tangu alipofariki halikubali moto. Linatapika moshi mpaka tunakimbilia uani. Mlango wake haufungi. Na tumbo limepasuka; tazameni ufa huu. Naliuza kwa bei ya chuma chakavu, nipate blanketi za wajukuu zangu wawili. Sitaki mtu aje kunilaumu."

Watu walimhurumia, wakapita.

Dhunnun akainama. Aligonga tumbo la jiko kwa kifundo cha kidole, na chuma kikatoa mlio safi, mrefu. Chuma kilichopasuka hakilii hivyo. Alipitisha ukucha juu ya ufa, akakuta ni mstari wa masizi yaliyogandamana mahali palipodondoka udongo wa kuzibia kiungo. Alichungulia dohani, akaona vijiti na manyoya: ndege alikuwa amejenga humo. Mlango ulikosa pini moja ya bawaba, basi. Kwa mtu ajuaye, yote hayo yalikuwa kazi ya saa mbili.

Aliliona jiko limekwisha wekwa nyumbani, kuni zinawaka, na mwanawe amelala bila kukohoa.

"Sema, bwana!" Hamdun alimnong'oneza. "Ni maneno matatu tu. Punda wangu anaganda, na akiganda utambeba wewe."

Bibi Khatun akamtazama. "Mwanangu, umeyasikia yote niliyoyataja? Usije kesho ukasema kikongwe yule alinihadaa."

"Nimeyasikia, mama."

"Basi kama unalitaka, sema."

Dhunnun aliijua hukumu. Muuzaji ndiye aliyetakiwa kusema. Mnunuzi hakuulizwa neno. Hakuna kadhi ambaye angemtia makosani. Alifungua kinywa aseme, ndipo akatambua kwamba alikuwa amevivuta vidole vyake ndani ya joho na kuvificha. Vidole vya fundi wa vyombo huwa vyeusi, havitakati kwa udhu wala kwa hamamu, na kila avionaye huijua kazi yake. Bibi huyu hakuijua.

Akajiuliza moyoni: "Ikiwa jambo hili halina ubaya, ewe Dhunnun, vidole unamficha nani?"

Akavitoa, akaviweka juu ya jiko mbele ya watu wote.

"Mama, mimi ni fundi. Jiko lako halikufa. Huo si ufa, ni masizi. Dohani imezibwa na kiota cha ndege, na mlango unataka pini moja. Likishatengenezwa, litawapa joto miaka mingi."

"Usinicheke, mwanangu. Nimezika mume mwaka huu, sina nafasi ya mzaha."

"Wallahi sikucheki."

Mjane akalitazama jiko lake. Kisha akasema polepole, kama mtu aombaye ruhusa, "Basi siliuzi."

"Usiliuze, mama."

Hamdun akajipiga paji la uso. "Nimewaona watu wengi wakipunjwa katika soko hili," alisema. "Mtu kujipunja mwenyewe, hadharani, tena kwa kiapo, ndiyo leo!"

Dhunnun alikitoa kiota, akachonga pini kutokana na msumari, akakanda udongo kwa majivu na nywele za mbuzi, akaziba kiungo. Alipowasha vibanzi vichache, moshi ulipanda wima katika dohani wala haukurudi. Mjane alitaka kumlipa, naye hakupokea. Jiko likapakiwa juu ya punda wa Hamdun kwenda lango la mashariki, na Dhunnun akarejea kwake kwa miguu, mikono mitupu.

"Umelipata?" mkewe aliuliza.

"Nililipata. Nikamwachia mwenyewe." Akamweleza yote.

Shirin aliinamisha uso juu ya mtoto, akalia. Dhunnun hakumkataza. Kisha Shirin akasema, "Sitakuambia kwamba sikuumia. Nimeumia. Lakini ungelileta, ningekuuliza umelipataje, na wewe hujui kunidanganya. Njoo tumweke katikati yetu."

Wakakaa wamemkumbatia mtoto kati ya vifua vyao, Dhunnun akimwomba Mola wake, "Ya Latif, ya Latif," na pumzi za mtoto zilikuwa fupi.

Jua lilikuwa bado halijatua waliposikia hodi. Aliingia Bibi Khatun, na theluji mabegani. Nyuma yake alisimama Hamdun, ambaye hakuwahi katika umri wake kufika mwisho wa njia bila kusema yote anayoyajua.

Mjane hakuketi. "Dhunnun," alisema, "mimi nilisimama mbele ya watu nikazitaja aibu zote za jiko langu. Wewe mbona hukuitaja haja yako?"

"Mama, ningeitaja, ungeniachia jiko kwa kuona haya, na wajukuu wako wangebaki na baridi."

"Umesema kweli, ningekuachia." Akamgeukia Shirin. "Binti yangu, jiko ni langu na sitoi. Lakini joto lake linajaza chumba kizima, na sisi tumo watatu tu. Mchukue mtoto. Punda anangoja."

"Anangoja, na bado anaganda," alisema Hamdun.

Shirin alikaa kwa Bibi Khatun hata arobaini yake ikatimia. Kila asubuhi Dhunnun alipeleka kuni, akatoa salamu mlangoni, akasikiliza. Wiki ya kwanza alisikia kikohozi. Wiki ya tatu alisikia kilio, kikali, cha mtoto mwenye njaa na nguvu za kuidai, akasujudu papo hapo juu ya theluji. Hamdun alilalamika kwamba kilio hicho kinamtisha punda wake.

Na tangu mwaka huo, katika soko la Amadiya, muuzaji akishataja aibu, shahidi mmojawapo humgeukia mnunuzi akamwambia, "Nawe tuonyeshe mikono yako."

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu hatujapata kuuza kibovu kwa jina la kizima, na twamshukuru Mungu. Lakini kunyamaza mbele ya mtu asiyejua thamani ya kilicho chake, hilo tumelifanya, na tukaliita bahati. Mola atujaalie, siku tutakapofikwa na jambo kama hilo, tuvihisi vidole vyetu vinapoanza kujificha.