Mkaguzi Aliyesogeza Kabati

"Jicho la muuzaji halioni ufa." Mmeisikia leo asubuhi gulioni, yule mama akimwambia kijana aliyetaka kununua pikipiki kwa kuyasikiliza maneno ya mwenye pikipiki peke yake. Sasa mmeingia hapa mnaniuliza kama wauzaji wote ni wezi. Hapana, wanangu. Aliyeitamka mara ya kwanza alikuwa muuzaji mwenyewe, tena mtu mwaminifu kuliko wengi. Kaeni vizuri. Methali hii ina kwao, na kwao ni hivi.

Pembezoni mwa mji wa Morogoro, pale milima ya Uluguru inapoanza kuinuka, aliishi mwoka mikate aitwaye Shomari na mkewe Zamoyoni. Tangu waoane walikuwa wapangaji. Leo mwenye nyumba anamleta mwanawe akae, kesho mwingine anataka kufungua duka, nao hufunga virago na kuhama. Ikafika hali binti yao Chausiku akiulizwa shuleni anakaa wapi, kwanza anamtazama mama yake. Jambo hilo lilimuuma Shomari kuliko moto wa tanuri. Akajibana, mkewe naye akajibana, hata akiba yao ikakaribia thamani ya nyumba ndogo.

Wakati huohuo mjomba wake, Mzee Banzi, akatangaza kwamba anauza nyumba yake ya mjini ili arudi shambani Matombo pamoja na mama yake, Bibi Mwanaidi, ambaye ni bibi yake Shomari. "Nyumba haitatoka nje ya ukoo," alisema. "Mpwa wangu, njoo uichukue."

Nanyi mnajua mjomba ni nani kwa Waluguru. Neno lake ni neno. Mzee Banzi ndiye aliyemlea Shomari alipofiwa na mama yake, ndiye aliyemtafutia kazi ya kwanza, na ndiye aliyepeleka posa kwa kina Zamoyoni. Shomari alipopita uani mwa nyumba ile, akaona mpapai na karo la kufulia na baraza pana, alijihisi kama mtu aliyekwisha kuhamia.

"Vizuri," alisema Zamoyoni walipokuwa njiani kurudi. "Ila kabla hatujatoa akiba yetu, aje mkaguzi wa majengo aitazame."

"Mjomba keshaleta mkaguzi. Bwana Lukwele. Amesema nyumba ni nzima kama yai."

"Bwana Lukwele ni rafiki wa nani?"

Shomari akaongeza mwendo.

"Alipokuja kukagua," mkewe akaendelea, "nilikuwepo. Alikaa barazani, akanywa kahawa, akagonga ukuta wa mbele kwa vidole, akasifu bati. Kisha wakazungumza habari za msiba wa Mkuyuni mpaka akaondoka. Baba Chausiku, mimi simwiti mjomba mwongo. Nasema tu kwamba sisi hatujapata mtu wetu wa kutazama."

Siku kadhaa Shomari alilibeba neno hilo kama jiwe ndani ya kiatu. Kumletea mjomba mkaguzi mwingine ni kama kumwambia, "Sikuamini." Lakini kila alipomtazama Chausiku akifanyia kazi za shule juu ya sanduku, kwa kuwa meza ilivunjika walipohama mara ya mwisho, alijua kwamba wakikosea safari hii hawatapata nyingine. Mwishowe akakubali, naye Zamoyoni akaanza kutafuta.

Mkaguzi wa kwanza waliyemwendea alikuwa mchangamfu sana. Hata hawajamaliza kueleza, akawaambia, "Mtaa ule naujua. Nyumba zake hazina shida. Nitawaandikia cheti mchana huuhuu." Walipotoka nje Zamoyoni akacheka. "Huyo anakagua nyumba kwa kusikia jina la mtaa."

Wa pili alikuwa mwanamke mtulivu kutoka Upare, Bi. Nambua. Yeye ndiye aliyeanza kuuliza. Nyumba ipo mteremkoni au tambarare? Nani anaishi humo? Wamefahamiana vipi na muuzaji? Alipojua kuwa ni mjomba, akasema, "Basi mwambieni mapema kwamba nakuja. Sikagui nyumba ya mtu kwa kujificha. Na jambo jingine: mimi nitawaambia nitakachokiona, hata kama hamkipendi. Mkitaka wa kuwafurahisha, mtafuteni mwingine."

Zamoyoni akamgeukia mumewe. "Huyu," alisema.

Kumwambia Mzee Banzi ilikuwa kazi. Shomari alikwenda na mkate wa moto, akaketi, akazunguka maneno hata mkate ukapoa. Alipofika penyewe, mzee alikunja uso.

"Nimekulea," alisema, "leo unaniletea mpelelezi."

"Mjomba, si upelelezi..."

"Mlete. Mlete atazame mpaka darini. Akimaliza, utajua kama mjomba wako anauza nyumba au anauza mtego." Akainuka akaingia ndani, wala mkate hakuugusa.

Siku ya ukaguzi Shomari alitamani ardhi immeze. Mzee Banzi alikaa barazani amewapa mgongo. Bi. Nambua alimwamkia, akaitikiwa kwa sauti ya chini, kisha akaanza kazi. Akazunguka nje akiinamia msingi. Akapanda darini akatoka na utando wa buibui kichwani. Akafungua mabomba, akafungua na kufunga kila mlango. Kila alipotoka chumba kimoja kwenda kingine alisema, "Hapa pazuri," na Shomari akazidi kuona haya kwa kumuudhi mjomba wake bure.

Wakafika chumba cha nyuma, kile cha Bibi Mwanaidi. Bibi alikuwa amekaa kitandani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Angalia tu, kwangu hapana siri."

Bi. Nambua alisimama mlangoni, akainamisha kichwa kidogo. Akatoa timazi mkobani, ile kamba yenye uzito wa chuma mwishoni, akaining'iniza kandokando ya ukuta wa nyuma. Kamba ilinyooka. Ukuta haukunyooka. Juu ulikuwa umeachana na kamba, ukiegemea nje kama mtu aliyechoka.

"Naomba tusogeze kabati hili," alisema.

Shomari akashika upande mmoja, Zamoyoni upande mwingine. Nyuma ya kabati ufa ulikuwa umeshuka kutoka juu mpaka sakafuni, nao ulikuwa mpana hata ungeingiza kidole. Zamoyoni akaziba mdomo kwa kanga.

Bi. Nambua akatoka nje, akachimba kidogo chini ya ukuta kwa sururu, akarudi na udongo mweusi na vipande vya matofali mkononi.

"Mzee," aliita, "naomba uje."

Mzee Banzi alikuja polepole.

"Hapa zamani palipita mfereji wa maji?"

"Ulikuwapo," alisema mzee. "Tuliufukia kwa kifusi nilipoongeza chumba hiki. Miaka mingi sasa."

"Maji hayajasahau njia yake. Yanapita chini, kifusi kinaondoka kidogokidogo. Nyumba yako ni nzuri, mzee, sikudanganyi. Lakini chumba hiki kimoja kinaanguka. Na masika yapo mlangoni. Nakuomba Bibi asilale humu tena, hata leo."

 Shomari hakuthubutu kumtazama mjomba wake. Bibi Mwanaidi akauweka mchele chini. "Mimi nilidhani ni uzee," alisema. "Kila siku nasikia baridi mgongoni."

Mzee Banzi akausogelea ufa, akapitisha vidole ndani yake. Kisha akamshika mama yake mkono, akamwinua yeye mwenyewe, akampeleka chumba cha mbele. Shomari na Zamoyoni walibeba godoro na vyombo, wakakiacha kitanda kizito cha mninga kwa kuwa hakikupita mlangoni bila kufunguliwa.

Mvua zilianza juma lililofuata. Alasiri moja, saa ambazo Bibi alikuwa na mazoea ya kujinyoosha kidogo, radi ilipiga na nyumba ikatikisika. Waliokuwamo walipokimbilia nyuma walikuta ukuta umelala, na kitanda cha mninga kimevunjika katikati chini ya matofali. Bibi Mwanaidi alikuwa chumba cha mbele, anauliza chai imefikia wapi.

Shomari aliposikia habari alikimbia na unga mikononi. Akamkuta mjomba wake amesimama uani katika mvua. Alijua ni lazima aseme kitu, lakini mzee alimtangulia. Alimkumbatia mpwa wake mpaka wote wawili wakawa weupe kwa unga na maji.

"Mpwa wangu," alisema, "kila asubuhi nilimpelekea mama uji chumbani mle. Huo ufa niliuona ulipokuwa mwembamba kama unywele, nikasogeza kabati mbele yake, nikausahau. Sikukudanganya. Nilijidanganya. Jicho la muuzaji halioni ufa, hata likiwa jicho la mjomba."

Akacheka, naye Shomari akacheka, kicheko cha watu walionusurika, na Zamoyoni alipofika aliwakuta hivyo, akaketi palepale kwenye ngazi iliyolowa akalia kwa furaha.

Nyumba waliinunua, naam. Lakini kwanza Mzee Banzi alikiondoa kile chumba chote, akayapa maji njia yake, akajenga upya mbali na mfereji. Ilipokwisha, alikwenda mwenyewe kumwita Bi. Nambua aje aipime tena, naye Bwana Lukwele akaalikwa kunywa kahawa tu. Chausiku alipoulizwa tena shuleni anakaa wapi, alijibu bila kumtazama mtu.

Basi mkisikia watu wakisema maneno hayo, msidhani wanamtukana muuzaji. Anaweza kuwa mwema, anaweza kuwa damu yako, na anaweza kuwa anamlaza mama yake mzazi chini ya ukuta uleule. Ndiyo maana anayenunua hutafuta jicho lake mwenyewe, akalilipa mwenyewe, akalisikiliza. Jicho la muuzaji halioni ufa.