Waya wa Tunsume na Jina la Mkurugenzi

Hapo zamani, si zamani za babu zenu, zamani za juzi tu, palikuwa na ofisi ya ghala za ufuta pale Morogoro, ghorofa tatu, na juu kabisa akiketi Mkurugenzi Sanyiwa. Mtu huyu hakuweza kuongea na simu ya video akiwa ametulia. Lazima atembee, lazima apande ngazi, aonekane ana shughuli. Akifika kwenye ngazi, simu inakatika. Akifika ghorofa ya pili, inakatika. Akifika mlangoni pake, inakatika, na wanunuzi wa ng'ambo wanabaki wakitazama picha ya pua yake iliyoganda.

Akatangaza: "Atakayenifikisha kutoka getini hadi kitini bila simu kukatika, nampa ajira ya kudumu. Nafasi ni moja!"

Tunsume, fundi wa mitambo, aliitaka nafasi hiyo. Mkataba wake wa miezi mitatu mitatu ulikuwa umefanywa upya mara kumi na tisa, na huu wa sasa ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Akachukua ngazi. Akang'oa vidude vya kupokezana mawimbi ya intaneti hewani, ambavyo ofisi ilivinunua kwa mbwembwe. Akatambaa darini siku tisa, akala vumbi na mavi ya popo, akavuta waya hadi kwenye kila kisambaza waifai, vinne, kila kimoja na waya wake. Intaneti ikawa ya kumwaga. Mkurugenzi akatembea. Simu ikakatika palepale.

Kisa? Vyeo, jamani! Kila ghorofa ilitaka waifai yenye jina lake na nywila yake. Getini WALINZI, chini MASIJALA, katikati UHASIBU, juu MKURUGENZI. Waheshimiwa waliona kinyaa kuchangia waifai na mlinzi, kana kwamba heshima yao ingevuja hewani. Basi simu ikitoka jina moja kwenda jingine, inakata kwanza, ndipo iunge upya. Tunsume alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Akanyamaza. Alishazoea kuitwa abebe ngazi, hakuwahi kuitwa mkutanoni.

Fortunatus, kibarua wa kompyuta, hakunyamaza. Alimwandikia Mkurugenzi: visambaza vyote vinne vipewe jina moja na nywila moja, na nguvu ya kila kimoja ipunguzwe, simu isije ikang'ang'ania cha mbali. Barua ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, akaulizwa kama ana dharau.

Ndipo Bi. Asumini, katibu muhtasi, naye wa mkataba vilevile, akaingiza chai na sentensi moja: "Mheshimiwa, kwa nini jina lako liishie huku juu? Si lifike mpaka getini?"

Mheshimiwa akavimba kwa furaha. Kesho yake, kwa amri yake, Fortunatus akavipanga vyote kwa jina MKURUGENZI na nywila moja, nguvu akaipunguza. Bwana mkubwa akatembea kutoka getini hadi kitini, na simu haikukatika hata mara moja.

"Nileteeni jina moja la wa kuajiriwa, mliloafikiana," akawaambia Tunsume, Fortunatus na Bi. Asumini. "Saa kumi ikipita, nafasi naifuta." Kisha, bila haya, akaongeza: "Ingawa jina lililofanya kazi ni langu." Na wote watatu wakampigia makofi! Hata Tunsume, na viganja vyake vimechubuka.

Huko koridoni wakaanza.

"Bila waya wangu, hilo jina mngelibandika wapi?" akasema Tunsume.

"Waya wako ulikaa wiki nzima na simu ikikatika, dada. Ulijua dawa ukameza mate. Mimi nilisema, nikatukanwa."

"Ulisema kwa trei ya barua, kaka Fortunatus," akasema Bi. Asumini. "Mimi nilisema kwa mtu."

"Ulimlamba miguu!" akasema Fortunatus. "Sasa hata mlinzi akifungua simu anakuta jina lake humo."

"Na simu ilikatika?"

Tunsume akatazama saa ukutani: saa kumi kasoro dakika sita. Mwisho wa mwezi ni kesho, na jina lake lingepita kama wawili hawa wangeitikia kwa kichwa tu. Hawakuitikia. Naye, kwa majina yao, hakuitikia.

Haya, nyie mnaojifanya mna akili kuliko watu wa ofisini, dakika ni sita na kiti ni kimoja: aliyevuta waya akanyamaza, aliyesema asisikilizwe, au aliyesikilizwa kwa kusifia? Je, nani alistahili?